MTU HUNOLEWA NA MTU

Masomo: Mithali 27:17, Mwanzo 32:3 hadi 33:11

 Mlio nyumbani, mlio safarini, mlio wagonjwa vitandani, na ninyi mlio machungani pamoja na mifugo huku redio ndogo ikining'inia begani, karibuni tutafakari pamoja Neno la Mungu kwa dakika hizi chache.

Mfalme Sulemani atufundisha katika Mithali, sura ya 27, mstari wa 17, ya kwamba kama vile chuma kinavyonolewa kwa chuma, ndivyo uso wa mtu unavyonolewa na rafiki yake. Angalieni neno hilo, uso. Sulemani hakutaja akili wala mkono. Alitaja uso, yaani sehemu ile ya mtu ambayo huwezi kuiona mpaka mmekaribiana.

Leo twataka kulitazama neno hili kwa njia ya mchezo. Huenda mmoja wenu akauliza, je, mahubiri yana uhusiano gani na mchezo? Bwana wetu alifundisha kwa chachu, kwa nyavu, kwa shilingi iliyopotea, hata kwa watoto wachezao sokoni. Basi na sisi tusione haya kujifunza kwa drafti.

Hapa kwetu Chechelesi, na katika mji wote wa Isiolo, drafti haihitaji kuelezwa. Ubao wa mraba umechorwa miraba 64, nusu yake myeusi. Kila mchezaji ana kete 12. Huyu anatumia vifuniko vya soda vilivyotazama juu, na mwenzake vilivyotazama chini. Chini ya mti, au kando ya kibanda cha chai, watu wawili hukaa wakitazamana, na watu kumi husimama nyuma yao wakitoa mashauri ambayo hayakuombwa. Na michezo mingine ipo. Wasomali wana shax yao, wanayoichora mchangani. Waborana na Waturkana huchimba vishimo wakagawa vijiwe. Ndugu zetu wa pwani wana bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Michezo hii yote ina jambo moja. Tangu zamani ilihitaji watu wawili.

Lakini sasa mambo yamebadilika. Kijana anatoa simu mfukoni, anagusa kioo, na drafti imefunguka. Hahitaji ubao, wala vifuniko, wala mwenzake. Simu yenyewe ndiyo inayocheza naye. Akitaka mpinzani dhaifu, anachagua dhaifu. Akitaka hodari, anachagua hodari. Akikosea, anabonyeza mahali fulani na kete inarudi ilikotoka, kana kwamba hakukosea.

Tulimkuta kijana mmoja wa namna hiyo ameketi peke yake ukutani, saa za jioni. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akamwuliza, "Kijana wangu, wacheza na nani?"

"Na simu, mzee."

"Na kule mtini huendi siku hizi?"

"Mzee, kule watu wana maneno mengi. Simu haigombani na mtu."

Mzee akafikiri kidogo, kisha akasema, "Ni kweli, haigombani. Wala haijakusalimu." Akaenda zake.

Ndugu msikilizaji, tusielewe vibaya. Hatusemi ya kwamba kucheza drafti na simu ni dhambi. Mtu aliyelazwa hospitalini, mlinzi wa usiku, mtu aliye mbali na kwao, anaweza kupata burudani safi hapo, na akili yake ikajifunza subira. Mchezo huo ni bora mara nyingi kuliko kamari, ambayo nayo imeingia katika simu hizo hizo na kula mishahara ya vijana wetu. Twataka tu kuuliza swali hili: mpinzani huyu asiye na uso anatufundisha kufikiri namna gani juu ya mwenzetu?

Hebu tuwasimulie habari za mtu mmoja aliyeupenda mchezo huu kuliko wengi. Jina lake Marion Tinsley, Mmarekani, mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Florida A&M, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Tena alikuwa mhubiri wa Injili. Katika drafti hapakuwa na mtu kama yeye duniani. Tangu mwaka 1950 mpaka kufa kwake mwaka 1995, michezo rasmi aliyoshindwa haikufika kumi. Ninyi mnaocheza kule mtini mtajua maana ya jambo hilo, ninyi mnaoshindwa mara kumi kabla ya chai kupoa!

Lakini ushindi wa namna hiyo una upweke wake. Wachezaji wengine walimwogopa. Walipokutana naye hawakujaribu kushinda, walitafuta sare tu. Ndipo mwaka 1989, huko Kanada, profesa mmoja wa chuo kikuu cha Alberta, Jonathan Schaeffer, pamoja na wenzake, walianza kutengeneza programu ya kompyuta ya kucheza drafti. Waliiita Chinook. Tinsley hakuikimbia. Aliifurahia, maana hii haikumwogopa. Mwaka 1992 walikutana mjini London. Tinsley alishinda michezo 4, mashine ikashinda 2, na michezo 33 ikaisha kwa sare. Watu walipomwuliza kama hana hofu, alijibu kwa upole ya kwamba mashine ile ilitengenezwa na Jonathan, lakini yeye mwenyewe alikuwa ametengenezwa na Bwana.

Mwezi wa Agosti 1994 walikutana tena, mjini Boston. Michezo sita ilichezwa, yote ikawa sare. Kisha Tinsley akashikwa na maumivu ya tumbo, akajitoa. Madaktari wakaona ni saratani. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata alilala katika Bwana. Mashine ikapewa ubingwa bila kumshinda.

Mashine haikuumwa tumbo. Haikuwa na kaburi la kuogopa, wala haikuwa na tumaini la ufufuo. Haikujua ya kwamba aliyekuwa akikaa mbele yake ameondoka. Waliojua ni watu, yaani wale walioitengeneza, ambao katika miaka ile ya kushindana naye walikuwa wamejifunza kumheshimu na kumpenda. Twaona basi ya kwamba hata katika habari hii, kilichonolewa ni uso wa mtu kwa uso wa mtu. Mashine ilikuwa katikati tu.

Schaeffer hakuacha kazi yake. Aliendelea mpaka mwaka 2007, akatangaza ya kwamba drafti ya namna ile imemalizwa. Kompyuta nyingi zilikuwa zimefanya hesabu kwa miaka mingi, katika mchezo ambao hali zake zote zinazowezekana ni 5 ikifuatwa na sifuri 20. Na jibu lilikuwa nini? Kama wachezaji wote wawili hawatakosea hata mara moja, hakuna atakayeshinda. Ni sare.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye moyo wa neno letu la leo. Mashine hizi hufikirije? Hufikiri hivi: "Nikisogeza kete hii, mwenzangu atafanya nini? Nachukulia ya kwamba atafanya lile litakaloniumiza zaidi. Basi na mimi nitachagua njia ambayo madhara yake makubwa yatapungua." Hivyo ndivyo ilivyofundishwa. Katika kila hatua, mbele na mbele tena, inamdhania mwenzake mabaya kuliko yote. Haitazamii ya kwamba atamhurumia. Haitazamii ya kwamba atanyoosha mkono.

Katika ubao wa drafti, hiyo ni hekima. Mchezaji mwema hujua ya kwamba kete iliyoachwa wazi mbele yake huenda ni mtego, atakula moja na kuliwa mbili. Lakini ole wa mji ambao watu wake huishi hivyo! Ole wa nyumba ambayo mume na mke, kila mmoja, hupima neno la mwenzake kama mtego! Ole wa kanisa ambalo wazee wake hukaa mkutanoni kila mmoja akihesabu hatua za mwenzake!

Tumwangalie Yakobo. Katika Mwanzo sura ya 32 anarudi nyumbani baada ya miaka 20, na habari zinamfikia ya kwamba Esau ndugu yake anakuja kumlaki na watu 400. Yakobo alifanya nini? Alicheza. Ndiyo, ndugu, alifanya kama mchezaji wa drafti. Aliwagawa watu wake na mifugo yake matuo mawili, akawaza ya kwamba Esau akilipiga tuo moja, la pili litaokoka. Hiyo ni kutoa kete ili kuokoa kete. Kisha akatenga zawadi: mbuzi 220, kondoo 220, ng'ombe 50, punda 30, na ngamia 30 wenye maziwa pamoja na ndama zao. Ninyi wafugaji mnajua thamani ya ngamia 30 wanaokamwa! Akazipeleka mbele kundi kwa kundi, na nafasi kati ya kundi na kundi, ili kuupoza moyo wa Esau hatua kwa hatua.

Mpango wake ulikuwa na akili nyingi. Lakini Yakobo alikuwa akicheza na Esau gani? Alicheza na Esau aliye kichwani mwake. Esau wa miaka 20 iliyopita, Esau aliyeapa kumwua. Tangu siku ile hakuwa ameuona uso wake. Alikuwa amejitengenezea mpinzani, naye alimjengea kwa hofu yake mwenyewe na kwa dhamiri yake mwenyewe iliyomshtaki.

Usiku ule Yakobo alibaki peke yake, na Mungu akaja kushindana naye mpaka alfajiri. Angalieni, wapenzi. Upweke si mbaya ikiwa Mungu yumo ndani yake. Yakobo alitoka pale akichechemea, amepewa jina jipya na baraka. Ndipo akainua macho yake, akamwona Esau halisi. Na Esau halisi akafanya jambo ambalo Yakobo hakulipiga hesabu. Alikimbia kumlaki, akamkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu, nao wakalia wote wawili. Hakuna hesabu ya drafti iliyo na hatua hiyo. Na Yakobo akakiri ya kwamba kuuona uso wa Esau kulikuwa kama kuuona uso wa Mungu.

Ndugu zangu wa Isiolo, je, habari hii ni ya mbali? Mwishoni mwa mwaka 2011 na mwanzoni mwa 2012 mapigano yalizuka katika mji huu na kando kando yake. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, maelfu wakahama na watoto wao. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliogopana. Wengi wetu twakumbuka. Baadaye watu walirudi, masoko yakafunguliwa, akina mama wakaendelea kuuza maziwa ya ngamia, magari yakapita kwenda Marsabit na Moyale, na leo barabara hiyo ni ya lami mpaka mpakani. Lakini je, mioyo nayo ilirudi yote?

Kila mmoja ajiulize. Huenda kuna Esau unayecheza naye kichwani mwako tangu siku zile. Ni Mborana, au Mturkana, au Msomali, au Mmeru, au Msamburu. Kila usiku unasogeza kete dhidi yake. "Akifanya hivi, mimi nitafanya vile." "Akinunua shamba hapa, ana maana hii." "Akinisalimu, anatafuta nini?" Umemdhania mabaya kuliko yote, hatua kumi mbele. Lakini uso wake hujauona. Mpinzani huyo hatoki Chechelesi wala Kulamawe wala Bula Pesa. Umemtengeneza mwenyewe, naye hachoki, halali, wala hasamehi, maana hana moyo ila ule uliompa wewe.

Zaburi ya 115 hutuambia juu ya vitu vilivyofanyizwa kwa mikono ya wanadamu, vyenye vinywa visivyosema na macho yasiyoona, na kwamba wavifanyao watafanana navyo. Ni neno la kutisha. Mtu akikaa muda mrefu na kisicho na uso, uso wake mwenyewe hupotea.

Lakini kule mtini, ndugu, hali ni nyingine. Ni kweli, kule kuna maneno mengi, yule kijana hakusema uongo. Kuna anayeiba kete watu wakigeuka, kuna anayejisifu, kuna asiyekubali kushindwa. Lakini kule ndiko Mmeru anakoketi mbele ya Mborana, magoti karibu kugusana, ubao mmoja juu yao wote wawili, na hauwezi kukaa sawa mmoja akiondoka. Kule, ukikosea, hakuna mahali pa kubonyeza. Itakubidi umwombe mwenzako, "Niruhusu nirudishe." Naye anaweza kukataa. Na akikubali, umepokea kitu ambacho simu haiwezi kukupa kamwe. Simu hukurudishia kete. Mwenzako amekusamehe. Hayo ni mambo mawili mbali mbali.

Na siku usipofika mtini, watu watauliza, "Fulani yuko wapi?" Mmoja atakuja kubisha mlangoni. Ukiwa mgonjwa, wataleta uji. Ukifiwa, watachimba kaburi. Simu itakungoja hapo hapo ulipoiacha, mpaka chaji yake iishe.

Na zaidi ya yote, hivi ndivyo Mungu alivyotutendea. Angeweza kutuhesabu kwa mbali. Yeye ajua kila hatua tutakayoichukua, na kila kosa. Tungecheza naye bila huruma, nani angeweza hata sare? Lakini hakubaki mbali. Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Katika Kristo, Mungu alitupa uso wa kutazama. Tulipokuwa tungali adui, hakungoja sisi tuanze. Alikimbia kutulaki, kama yule baba wa mwana mpotevu, na kama Esau.

Basi yatupasa kufanya nini? Tuwaachie mambo matatu ya juma hili.

Kwanza, vijana wetu, simu zenu mnazo, na hatuziondoi mikononi mwenu. Lakini kwa kila michezo kumi unayocheza na simu, chezea mmoja na mtu. Na mtu huyo asiwe wa kabila lako kila siku.

Pili, wazee, msiwalaumu vijana ikiwa ninyi mmeuacha ubao ukavunjika. Mkichora ubao mpya na kutafuta vifuniko 24, mtakuwa mmefanya kazi ya Injili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, wewe mwenye Esau wako kichwani, nenda ukauone uso wake. Usimpelekee mjumbe, wala usimwandikie ujumbe katika simu. Nenda kwa miguu. Huenda ukaenda ukichechemea kama Yakobo. Si neno. Huenda asikukimbilie siku ya kwanza. Msalimu hata hivyo, ukae naye kidogo. Chuma hakinolewi kwa mguso mmoja.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, twakushukuru kwa kuwa hukutuhesabia makosa yetu, bali ulitujia karibu katika Mwanao. Utusamehe kwa kuwa tumewadhania majirani wetu mabaya kuliko yote. Uwafariji walio peke yao jioni hii, uwape mtu wa kubisha mlangoni. Uuponye mji wetu wa Isiolo na watu wake wote, wakristo na waislamu, wafugaji na wakulima na wafanya biashara. Utufundishe kutazamana usoni bila hofu, mpaka siku ile tutakapokuona wewe uso kwa uso. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwa herini.